Kibali cha Kwenda Kabungu

Litapunga, Jumatatu mchana

Mwanangu Godeliva,

Nisamehe nimechelewa kukuandikia. Karatasi hizi nilizichana kwenye daftari lako la mwaka jana tangu kabla ya Pasaka, kalamu ilikuwepo, na kusoma unajua kuliko mimi, kwa hiyo sina cha kusingizia. Nilikuwa naziweka chini ya godoro, nazitoa, nazirudisha. Leo imebaki siku moja uondoke, na hata leo nimengoja mpaka umeenda kisimani ndiyo nikakaa. Baba yako mdogo Filbert yuko hapo nje, amepindua baiskeli magurudumu juu, anaziba pancha. Nikisikia ndoo yako mlangoni nitaficha karatasi na kujifanya nachambua maharage.

Barua nitaishonea ndani ya mfuko wako wa nguo, upande wa chini. Filbert atakuonyesha mkishafika Kabungu. Nimeona heri usome ukiwa kule, maana ukisoma hapa utakataa kwenda, na mimi sina nguvu ya kukulazimisha mara mbili.

Mambo ya kuamka mapema, ya kusalimia wakubwa, ya kutodokoa mboga jikoni, nimekwisha kukuambia mpaka umenichoka. Sirudii. Hapa nataka kukuambia nilipokukosea, ili usije ukalisikia kwa mtu mwingine kwanza.

Unajua baba yako alikuwa Raimondi, Mbende, mwenyeji wa Kabungu, na kwamba alikufa ukiwa mdogo. Unajua una bibi huko, Bibi Sesilia, mama yake Raimondi, ambaye hujamwona hata siku moja. Kila uliponiuliza kwa nini hatuendi kumsalimia nilikujibu neno moja tu, kibali. Ukakua ukiamini kwamba kuna mtu pale ofisini anayemchukia bibi yako. Siku moja, ulikuwa na miaka kama sita, ulimtolea ulimi karani wa watu tukiwa kwenye foleni, nikakufinya. Nilipofika nyumbani nililia, wewe ukadhani ni kwa sababu ya aibu.

Karani yule hakuwa na kosa. Miaka yote hiyo kibali cha kwenda Kabungu sikuwahi kukiomba.

Nikueleze vizuri. Sisi tuliokuja toka Burundi tukiwa tumebebwa migongoni tuliletwa hapa kwenye makazi, tukapewa majembe na pori. Wakati huo walituita wageni wakaazi. Sharti lilikuwa hilo moja, ukitaka kutoka nje ya makazi unaenda ofisini, unasema unakwenda wapi, siku ngapi, sababu gani, karani anaandika, anagonga muhuri. Kwa kawaida walitoa. Mimi mwenyewe nimepewa vingi, vya kwenda kuuza maharage mjini Kashaulili, vya hospitali, kimoja cha harusi. Vyote ninavyo kwenye kopo la maziwa ya unga.

Lakini watu wa hapa tulijifunza kitu ambacho sidhani watu wengine wanacho. Tulijifunza kujificha nyuma ya kibali. Mtu hataki kwenda kumsaidia shemeji yake kuvuna, anatuma salamu kwamba ofisi imekataa. Yule jirani yetu mnene wa kwaya alikwepa harusi ya wifi yake kwa kibali, na wiki hiyohiyo akaonekana Kashaulili anajaribu viatu. Tulicheka sana. Hakuna aliyemlaumu kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa na cha kwake. Ukisema serikali imenikataza, hakuna anayekuuliza tena. Hata wanaokulaumu wanakuonea huruma.

Mimi nilianza kulitumia neno hilo ukiwa na siku nane.

Raimondi alikuwa utingo wa lori lililokuja kuchukua maharage. Alipanga magunia huku anaimba, akikosea wimbo anaurudia toka mwanzo kama vile kuna mtu anampa maksi. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Sitakuandikia zaidi ya hapo, utaelewa ukiwa mkubwa, ila ujue hakunidanganya. Alisema atakuja na wazee wake, na alikuja. Aliyekataa ni babu yako. Sogokuru alisema binti yake hatolewi kwa watu asiowajua koo zao, wakitaka walete mahari yote kwa mara moja, na mpaka siku hiyo mtoto atakayezaliwa ni wa nyumba hii. Ndivyo ilivyo kwetu, mtoto asiyetolewa mahari ni wa babu yake mzaa mama. Wazee wa Kabungu wakasema watajipanga. Wakaondoka bila kukasirika.

Ulipozaliwa, bibi yako alimtuma Raimondi aniombe kitu kimoja. Kitovu kikishakatika nikupeleke Kabungu akakupe jina, kwa sababu kwao jina la mtoto wa kwanza hutolewa na mama wa baba, akiwa amemshika mikononi. Siku ya nane Sogokuru alikutoa nje kwa desturi yetu, akakuita Niyonkuru. Padri akakuita Godeliva. Jina la Kabungu likabaki linakungoja, na baba yako akaja na baiskeli ya kuazima, amefunga mto kwenye keria ili nisiumie.

Nilimwambia ofisi imekataa.

Niliogopa. Sogokuru alikuwa ameniambia, ukimpeleka mtoto kwao hutarudi naye. Niliamini. Nilikuona kitu changu pekee, na nilikuwa mtoto ninayelea mtoto. Ningeweza kumwambia Raimondi naogopa, angenielewa, alikuwa mtu wa kuelewa. Ila kusema naogopa kulikuwa kugumu kwangu, na kibali kilikuwa mdomoni tayari. Alifungua ule mto kwenye keria, akaniachia. Ndio mto unaolalia mpaka leo.

Nasikia ndoo. Nitaendelea.

Umerudi, umekula, umekwenda kumuaga mwalimu wako. Filbert amemaliza kuziba tairi, sasa anabishana na Sogokuru juu ya njia fupi ya kupita, na wote wawili hawasikilizani.

Ulipokuwa na miaka mitatu, Filbert alikuja asubuhi kwa baiskeli hiyohiyo unayoiona hapo. Alikuwa kijana bado, ndevu hana. Alisimama pale kwenye bani la kukaushia tumbaku, hakutaka kukaa. Akasema kaka yake amekufa kwa homa, kwamba wamechimba tayari, lakini mama yake amesema hawafukii mpaka mtoto wa marehemu aje atupe udongo. Akasema wamesubiri jana, na leo watasubiri mpaka jua liiname.

Nilikuwa nimekubeba. Ulikuwa unachezea kola yangu. Nilimwambia, "Shemeji, nimetoka ofisini sasa hivi. Wamefunga vibali."

Nilikuwa nimepita ofisini kweli asubuhi hiyo, nikienda kisimani. Mlango ulikuwa wazi. Karani alikuwa anagonga mihuri, nilimsikia, ile ko, ko, ko yake mpaka njiani.

Filbert aliangalia chini. Akakushika mguu kidogo, hivi, kama anaupima, halafu akaondoka. Siku ile nililima mpaka mikono ikachubuka. Jua lilipoinama niliacha jembe nikasimama. Wewe ulidhani tunacheza, na wewe ukasimama.

Hukumzika baba yako, Godeliva, na ofisi haikuhusika. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Naandika umri huo si kwa kujitetea. Naandika ili ujue kwamba mtu anaweza kufanya jambo kubwa hivyo akiwa bado hajui kusuka ukili vizuri.

Baada ya hapo uongo haukuwa na kazi tena, ulijiendesha wenyewe. Bibi yako akituma salamu wakati wa mavuno, jibu ni kibali. Akituma salamu za Krismasi, kibali. Na hesabu za watu zilipokuja hapa kijijini, nilifanya kosa la pili lililozaliwa na lile la kwanza. Sikukuandikisha kwenye kadi ya familia. Ningekuandikisha, karani angeuliza baba ni nani. Nikisema raia wa Kabungu, ataniambia basi mtoto si mkimbizi, ana kwao, kwa nini hampeleki. Nikisema hana baba, ni uongo mwingine, na huo ungekuwa juu yako. Kwa hiyo kila walipokuja kuhesabu nilikutuma shambani ukafukuze ndege. Ulifurahi, uliona ni siku ya kutoroka shule. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mpaka leo hupo kwenye karatasi yoyote, isipokuwa kadi ya kliniki ambayo nesi aliandika jina la Raimondi bila kuniuliza mara mbili. Mungu amjalie yule nesi.

Ningeweza kuendelea hivyo mpaka ukaolewa. Lakini vita ya kwetu ikaanza upya, watu wakaja wengi, na hali ya hapa ikabadilika.

Unakumbuka rafiki yako Esperansi, aliyekuja na mama yake wakakaa kwa mama Ferederiko. Wale walikuwa wapya, hawakuandikwa hapa. Unakumbuka siku lori lilipokuja. Uliniuliza mbona Esperansi anachukuliwa Kigoma kambini na wewe unabaki, wakati wote mnaongea Kirundi. Nilikujibu nyamaza. Sikukujibu kwa sababu jibu la kweli ni kwamba hakukuwa na tofauti. Wewe pia hukuwa kwenye kitabu. Waliokuokoa ni majirani tu, walionyamaza.

Halafu ule mkutano wa ghala la tumbaku. Wewe ulikuwa shule. Alikuja afisa kijana, shati limenyooshwa, akasoma karatasi. Akasema sheria ya zamani ya wakimbizi imefutwa na sasa kuna mpya. Kila mkimbizi akae pale alipopangiwa. Watu wote wataandikwa upya, mmoja mmoja, na kwetu ni Alhamisi hii. Asiyekuwa kwenye kitabu atapelekwa kambini Kigoma na wenzake. Atakayetoa maelezo ya uongo atashtakiwa. Na vibali vimesimamishwa mpaka kuandikisha kuishe.

Majani ya tumbaku yalikuwa yanakauka juu yetu. Ndipo bibi mmoja wa kijiji cha pili, anatembea kwa fimbo, akasimama. Akasema, "Mwanangu, sisi tuliofyeka pori hili walituita wageni wakaazi. Sasa hivi tunaitwaje?"

Yule kijana aliangalia karatasi yake, akageuza nyuma, akarudisha. "Mnaitwa kama ilivyoandikwa," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Nilimwangalia, alikuwa anatoka jasho. Afisa wa zamani alikuwa anakula maharage kwetu, anajua nani kafiwa na nani kazaa. Huyu alikuja na kilichoandikwa tu, na kilichoandikwa hakina mahali pa kuweka mtu kama wewe.

Nilikwenda kwa Mzee Bukuru, katibu wa kijiji chetu, yule anayevaa kofia hata ndani ya nyumba. Nilimweleza yote, kasoro lile la mazishi. Nilimwomba akuandike kwenye kadi yangu, nikubali lolote. Alivua kofia. Nilikuwa sijawahi kumwona kichwa.

"Konsolata," akaniambia, "nikimwandika Alhamisi, nimemwandika mkimbizi. Kalamu ya kuandika wamenipa. Ya kufuta hawajanipa."

Akaniambia baba yako alikuwa raia, umezaliwa hapa, una bibi, una kijiji. Ukiwa Kabungu kabla ya Alhamisi na mtendaji wa kijiji wa kule akaandika barua kwamba wewe ni mtoto wa marehemu Raimondi na unaishi kwao, basi hakuna wa kukuuliza tena. Ukiwa hapa Alhamisi ni mambo mawili, uandikwe nami uwe kama mimi, au usiandikwe upande lori kama Esperansi.

Nilitaka kukuandika. Usije ukafikiri kwamba sikutaka. Nililala siku nne naliwaza hilo tu, wewe na mimi kwenye karatasi moja, hata kama karatasi yenyewe ni mbaya. Tungekwenda popote wanapotupeleka, hata huko Burundi ambako mimi nilitoka mgongoni na sikumbuki hata kilima kimoja. Lakini nikajiuliza, hilo nalitaka kwa ajili yako au ni ule woga wangu wa siku ya nane? Nikaona ni ule ule. Haujazeeka.

Basi nikaenda ofisini kuomba kibali cha kwenda Kabungu. Mara ya kwanza maishani mwangu. Nilivaa kitenge cha kanisani. Kwenye sababu ya safari niliandika, kumpeleka mtoto kwa bibi yake. Karani ni mpya, hanijui. Alisoma, akatikisa kichwa, akasema si yeye, ni amri. Nikamwomba siku mbili. Akasema mama, hata saa mbili. Nikamwomba niwasindikize mpaka kwenye kizuizi cha barabarani, mwisho wa makazi, nirudi. Akasema kizuizini mtafika, ila usivuke. Nikamwambia basi niandikie kwamba umekataa. Alishangaa. Akaandika *hairuhusiwi*, akagonga muhuri, ko.

Nilicheka nikitoka. Watu wa foleni wakadhani nimepewa.

Jumamosi Filbert alifika, maana nilikuwa nimemtumia ujumbe kwa wauza dagaa. Sikuwa nimemwona kwa miaka. Sasa ana kitambi kidogo na watoto wawili. Aliegemeza baiskeli palepale kwenye bani, akaniangalia, halafu akaniuliza bila hata kunisalimia:

"Enhe, shemeji. Safari hii ofisi inasemaje?"

Nikamwambia safari hii kweli wamekataa. Nikampa ile karatasi. Aliisoma, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi na suruali yake safi. Na mimi nikacheka, kisha sikuweza kuendelea kucheka. Nikamwambia siku ile ya mazishi ofisi ilikuwa wazi.

"Najua," akasema.

Siku ile alipotoka kwetu alipitia ofisini akaombe maji ya kunywa. Akakuta watu wamepanga foleni, muhuri unagongwa. Alirudi Kabungu na hasira, akamwambia mama yake, yule msichana katudanganya. Bibi yako alikuwa amekaa kando ya kaburi. Alimwambia afunge mdomo. Akasimama mwenyewe mbele ya waombolezaji, akasema mkwe wake na mjukuu wamezuiwa na serikali, watu wasiwaseme. Kisha akachukua udongo kwa mkono wa kushoto akautupa, akasema huu wa kwangu, akachukua kwa mkono wa kulia, akasema huu wa mtoto.

Miaka tisa yote, kila akituma salamu, alijua jibu nitakalotoa, na akilipokea anawaambia watu, bado wanawazuia, maskini.

Nilimuuliza Filbert kwa nini. Akasema na yeye alishawahi kumuuliza mama yake. Mama alimjibu kwamba mtoto siku moja atakuja, na siku atakayokuja asikute watu wanamsema mama yake.

Godeliva, unaona nilikokuwa nakuzuia usiende.

Jua limeshuka, umerudi, unapanga nguo zako na unaimba, unajifanya huna habari. Nimekuambia naandika orodha ya vitu. Si uongo sana, utaona mwishoni.

Sina mengi ya kukufundisha. Hili moja nimelilipia, kwa hiyo lichukue. Ukiwa hutaki jambo, sema sitaki. Ukiwa unaogopa, sema naogopa, hata kama sauti haitoki vizuri. Usiseme nimekatazwa kama hujakatazwa. Mimi nilisema hivyo miaka kumi na miwili, na sasa nimekatazwa kweli, naomba kwa watu wasionijua, na sina neno jipya la kuwaeleza, lile moja nilishalitumia lote.

Kule watakuuliza wewe ni mkimbizi? Watoto watauliza, na hata wakubwa wengine. Waambie mama yangu ni mkimbizi, yuko Litapunga, baba yangu ni wa hapa, amelala pale. Yote ni kweli. Huendi kudanganya mtu, unakwenda kwenu. Lakini usinifiche ili wakupende. Ukinificha mara moja utaona ni rahisi, na hapo ndipo kazi inapoanza. Naijua.

Bibi yako usimwombe msamaha kwa niaba yangu. Huo ni wangu, nitaubeba mwenyewe nikija. Wewe mpe tu ile karatasi yenye muhuri, nimeikunja ndani ya kadi yako ya kliniki. Mwambie mama anasema safari hii ni kweli. Ataelewa. Akicheka, cheka naye.

Na Sogokuru usimchukie. Leo asubuhi amenitafuta, macho yake ndiyo hayo, anapapasa ukuta, akaniuliza kama nimekuwekea ule mto. Nimemwambia ndiyo. Akasema vizuri, akarudi zake. Hicho ndicho alichoweza.

Usirudi kunitafuta. Nasema hili kwa ukali na ulisome kwa ukali. Hata ukisikia naumwa, hata ukisikia tumepakiwa kwenye malori. Ukipita kile kizuizi kuja huku kabla mambo hayajatulia, yote haya yatakuwa bure. Nitakayekuja ni mimi. Wakifungua vibali nitaomba kila mwezi, sababu ya safari, kumwona mwanangu. Wakikataa nitawaomba waniandikie kwamba wamekataa, nitazitunza kwenye lile kopo la maziwa pamoja na zile za maharage. Siku moja nitakuja nazo zote, nizipange mbele yako, uhesabu mwenyewe ni mara ngapi nilitaka kuja.

Kesho mkifika kwenye kizuizi nitakuwa nimesimama upande huu. Nitakuambia usigeuke sana, utamyumbisha Filbert.

Hivi ndivyo vitu ninavyotaka unitumie, na mimi siwezi tena kutoka kuvitafuta:

Barua ya mtendaji yenye muhuri, inayotaja jina la baba yako na kwamba unaishi hapo. Filbert ailete Jumatano, ampe Mzee Bukuru mkononi, kwa sababu Alhamisi wataniuliza nina watoto wangapi kwenye nyumba hii, na safari hii nataka jibu langu liwe la kweli.

Dawa ya macho ya Sogokuru, ya kupaka, ile ya bomba dogo la njano. Duka lipo Kashaulili karibu na soko, Filbert analijua.

Sindano mbili za kushonea magunia. Yangu imekatika.

Uzi. Wakati wa mavuno simama ukutani, bibi yako akupime toka kisigino mpaka utosini, afunge fundo pale unapoishia, autume. Usijinyanyue kwa vidole.

Na jina atakalokupa. Liandike peke yake kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, ili nianze kujizoeza kuliita.

Mama yako,
Konsolata